Kabla ya Beakoni ya Kwanza: Ubia wa Haki na Jamii Asilia katika Miradi ya Ardhi

Tarehe 19 Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Meru iliamua kwamba hatimiliki za ardhi ya mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana zilipatikana kinyume cha sheria. Kufikia siku hiyo mitambo 365 ilikuwa imeshasimama, megawati 310 zilikuwa zikiingia kwenye gridi ya taifa, na Rais alikuwa ameshauzindua mradi miaka miwili nyuma. Ardhi yenyewe, ekari 150,000 katika Kaunti ya Marsabit, ilikuwa ikibishaniwa kortini tangu 2014. Mahakama ilitoa mwaka mmoja ili utaratibu urekebishwe.

Wahandisi wa mradi ule walifanya kazi yao. Kilichokosekana ni hatua za mwanzo kabisa: sheria za wakati ule za kutenga ardhi ya amana, yaani ardhi ya wenyeji iliyoshikiliwa na halmashauri kwa niaba yao, hazikufuatwa, na wachungaji walioitumia kwa vizazi hawakupewa nafasi yao ya kusema. Hatua hizo zina tabia moja ngumu. Ukizipita, huwezi kuzirudia zege likishamwagwa. Unaweza kulipa fidia, kujenga shule na kuchimba kisima, lakini swali la nani alikuruhusu kuingia litabaki palepale, na mwisho litafika mbele ya hakimu au mbele ya lango lako.

Makala haya yanaeleza hatua hizo kwa mpangilio wake, hasa kwa sheria ya Kenya, ambako miradi ya upepo, jotoardhi na hewa ya ukaa (inayouza kiasi cha hewa hiyo kinachohifadhiwa na miti na nyasi) imeingia kwa kasi kwenye ardhi za wafugaji. Tanzania nayo tutaigusa, maana mtego wake ni wa aina nyingine.

Jamii asilia ni nani hapa kwetu

Serikali nyingi za Afrika hujibu kwamba sisi sote ni wenyeji, basi hakuna asilia zaidi ya mwingine. Jibu hilo linachanganya mambo mawili. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu haiulizi nani alifika kwanza. Inaangalia kama watu hao wanajitambulisha hivyo wenyewe, kama maisha na utamaduni wao umefungamana na ardhi fulani, na kama wametengwa kwa sababu ya namna yao ya kuishi. Kwa kipimo hicho wanaingia Waogiek wa Msitu wa Mau, Waendorois wa Ziwa Bogoria, Wamaasai, Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, Wabatwa na Wambuti wa Kongo. Katiba ya Kenya ya 2010 haikwepi neno hilo: Kifungu cha 260, kinapofafanua jamii zilizotengwa, kinataja jamii asilia zinazoishi kwa uwindaji na kukusanya vyakula vya porini, pamoja na wafugaji, wawe wanahamahama au wamekaa mahali pamoja. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo ilitunga sheria mahususi ya kulinda haki za watu asilia Wambilikimo, iliyotiwa saini tarehe 15 Julai 2022.

Kwa mwenye mradi, maana yake kivitendo ni hii: hata kama wizara inakwambia jamii hiyo haina hadhi ya pekee, benki inayokukopesha inaweza kuwa na kauli tofauti. Kiwango cha Utendaji Namba 7 cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, kinadai ridhaa ya jamii pale mradi unapogusa ardhi yao ya jadi, unapowahamisha, au unapoathiri urithi wao muhimu wa utamaduni. Benki ya Dunia ina kiwango chake pia, na imekipa jina linalojumuisha jamii za jadi za Afrika zilizoachwa nyuma, kusudi nchi isikwepe kwa kubishana juu ya neno.

Kushauriana, na kupata ridhaa

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Kushauriana ni kueleza na kusikiliza. Kupata ridhaa ni kukubali kwamba jibu linaweza kuwa hapana, na likiwa hapana, mradi hauingii. Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu Asilia, lililopitishwa tarehe 13 Septemba 2007, linasema katika Kifungu cha 32 kwamba serikali ishauriane na watu hao kwa nia njema ili kupata ridhaa yao iliyo huru na yenye taarifa, kabla mradi haujaidhinishwa. Katika shauri la Waendorois dhidi ya Kenya, Tume ya Afrika ilitamka kwamba kwa mradi wenye athari kubwa katika ardhi yao, serikali ina wajibu wa kupata ridhaa, kushauriana peke yake hakutoshi. Umoja wa Afrika uliidhinisha uamuzi huo mwaka 2010. Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha nayo iliwapa Waogiek ushindi tarehe 26 Mei 2017, na tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru Kenya iwalipe shilingi milioni 157.85, ipime ardhi yao na kuwapa hati, na ishauriane nao kwa mila zao katika kila mradi utakaogusa ardhi hiyo.

Maneno ya ridhaa yana uzito wake kila moja. Huru maana yake hakuna chifu anayesoma majina ya waliokataa. Ya mapema maana yake kabla leseni haijatolewa na mkopo haujasainiwa, kwa sababu baada ya hapo mradi una tarehe za kutimiza na kila mzee anayeuliza swali anaonekana mchelewesha maendeleo. Yenye taarifa maana yake watu wameona tathmini ya athari iliyokamilika, katika lugha yao, na wamepata muda wa kuijadili bila mgeni kuwepo.

Hilo la taarifa lilivunja mradi mkubwa. Tarehe 26 Juni 2019, Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichopangwa Lamu. Mikutano ilikuwa imefanyika, na picha za mikutano zilikuwepo. Lakini ilifanyika mwanzoni, kabla utafiti wa athari haujakamilika. Watu waliitwa kujadili kitu ambacho madhara yake yalikuwa hayajaandikwa, na ripoti ilipotoka hawakuitwa tena ipasavyo. Mwenye mradi aibandike tarehe hiyo ukutani: mkutano wa utangulizi ni wa utangulizi, hauhesabiwi kuwa ushirikishwaji.

Kwanza, ardhi ni ya nani kwenye karatasi

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya Kenya, Namba 27 ya 2016, inagawa ardhi za jamii katika mafungu mawili. Iliyosajiliwa ina jamii yenye jina, daftari la wanachama, na kamati ya usimamizi ya watu 7 hadi 15 iliyochaguliwa na mkutano mkuu. Isiyosajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa amana. Kaunti ni mtunzaji tu, haina ruhusa ya kuiuza wala kuigeuza ya mtu binafsi. Fidia ikilipwa kwa ardhi isiyosajiliwa, kaunti huziweka fedha kwenye akaunti maalumu yenye riba mpaka jamii isajiliwe.

Mwekezaji mwenye haraka hupenda ardhi isiyosajiliwa, kwani anakutana na ofisi moja badala ya watu elfu. Huo ndio mlango wa kesi. Ushauri wetu ni kusimamisha kila kitu na kungoja jamii isajiliwe kwanza, hata ikichukua miaka miwili. Gharama za upimaji zinaweza kuchangiwa na mradi, lakini fedha zipitie kwa msajili wa ardhi ya jamii au kwa shirika ambalo jamii imelichagua, zisipite mkononi mwa mwenyekiti.

Daftari la wanachama ndilo linaloamua nani atapiga kura, hivyo likague mapema. Mambo matatu huharibika mara kwa mara. Wanawake huachwa, kwa mazoea ya ranchi za vikundi za zamani ambako jina lililoandikwa lilikuwa la baba wa boma. Sheria ya sasa haina ubaguzi huo, na aliyeolewa ndani ya jamii anakuwa mwanachama kwa ndoa yake. Vijana waliotimiza miaka 18 baada ya daftari kuandikwa hawaongezwi, nao ndio wenye hasira na pikipiki za kufikia lango la mradi. Na majirani wanaokuja kuchunga kiangazi tu hawamo kabisa. Hawa wa mwisho si wenye ardhi kisheria, lakini njia yao ya mifugo ikikatwa, vita vya malisho vitawaangukia wenyeji. Waingizwe kwenye mazungumzo ya njia na maji hata kama hawapigi kura.

Ramani ya jamii, na sehemu zisizochorwa

Baada ya kujua nani mwenye ardhi, tafuta kujua ardhi inatumikaje, kwa mwaka mzima. Ukitembelea Marsabit au Kajiado mwezi Septemba utaona nyika tupu na kudhani hakuna mtu. Mvua za masika zikinyesha, palepale ni zizi la maelfu ya mbuzi. Ramani iliyotengenezwa katika msimu mmoja ni nusu ya ramani.

Kazi yenyewe haihitaji mashine kubwa. Vifaa vidogo vya GPS vinne au vitano, picha ya setilaiti iliyochapishwa kwenye karatasi pana, kalamu za rangi, na makundi matatu yanayochora kila moja peke yake: wazee, wanawake, na vijana wachungaji. Wazee watachora mipaka, makaburi na mahali pa sherehe za rika. Wachungaji watachora njia, visima, na mahali ng'ombe wanapolamba chumvi. Wanawake watachora kuni, maji ya nyumbani, dawa za miti shamba, na njia za kwenda sokoni. Makundi yakichora pamoja, wazee watachora na wengine watatikisa kichwa. Ziwekeni ramani tatu juu ya meza moja baadaye, na zile tofauti ndizo za kujadili kwanza.

Kuna mahali ambapo jamii haitaki pajulikane: pa ibada, pa kuzikia, chemchemi yenye mwiko. Msiwalazimishe kupataja. Njia inayofanya kazi ni jamii kutangaza eneo la kutoguswa bila kueleza sababu, na eneo hilo liwe pana kuliko mahali penyewe ili asiyehusika asiweze kupakisia. Ramani halisi ibaki kwa jamii, na mradi upewe nakala iliyofichwa sehemu hizo. Mkataba useme waziwazi ramani ni mali ya nani.

Beakoni ya kwanza, yaani jiwe la mpaka la mpima ardhi, isisimikwe kabla ya haya. Tumetaja beakoni kwa makusudi. Kwa mfugaji, jiwe jeupe lenye namba lililochimbiwa ardhini ni taarifa kwamba uamuzi umeshapita, hata kama mpima ardhi anasema anapima tu.

Mkutano mkuu: hesabu na mazingira

Kifungu cha 36 cha Sheria ya Ardhi ya Jamii kinasema mkataba wa uwekezaji katika ardhi ya jamii ni batili mpaka uidhinishwe na theluthi mbili ya watu wazima, katika mkutano ulioitishwa kwa ajili ya pendekezo hilo, wenye akidi (idadi ya chini ya wahudhuriaji) ya theluthi mbili ya watu wazima wa jamii. Chukua jamii yenye watu wazima 1,200. Akidi ni 800. Je, theluthi mbili ya kuidhinisha inahesabiwa kwa waliohudhuria, yaani 534, au kwa jamii yote, yaani 800? Mawakili wanaweza kubishana. Anayetaka mkataba usiotikisika alenge 800 na asiitegemee tafsiri nafuu.

Kupata watu 800 mahali pamoja nyikani ni kazi. Wakati wa kiangazi vijana wako mbali na mifugo, pengine kaunti nyingine. Mkutano upangwe mvua zikishanyesha na mifugo ikirudi nyumbani. Kuwe na usafiri kutoka kila kijiji, chakula, kivuli, na mahali pa kina mama wenye watoto. Gharama hizi zilipwe sawa kwa kila anayehudhuria, anayeunga mkono na anayepinga, na ziandikwe. Bahasha kwa wazee wachache ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuua ridhaa, kwa sababu siku tofauti ikitokea hao ndio watakaoitwa wasaliti na sahihi yao itasombwa pamoja nao.

Kabla ya mkutano mkuu kuwe na mikutano midogo vijijini na mabomani, na wanawake wakutane peke yao na mkalimani mwanamke. Mkalimani achaguliwe na jamii. Akae na wakili siku mbili nzima watengeneze orodha ya maneno: ukodishaji, mrabaha, hisa, dhamana, fidia. Lugha nyingi za wafugaji zina neno la kumkopesha mtu ng'ombe akamfuge na kumrudisha, na mfano huo unaeleza ukodishaji wa ardhi vizuri kuliko fasili yoyote ya sheria: maziwa ni yako, ng'ombe ni wangu.

Olkaria inafaa kusomwa hapa. Mwaka 2014 familia za Kimaasai zilihamishwa kupisha mtambo wa jotoardhi wa Olkaria IV. Walijengewa nyumba, shule na barabara, na kwa mbali ilionekana kazi nzuri. Malalamiko yakafika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia lilibaini, pamoja na mengine, kwamba sera ya watu asilia haikutumika kwa Wamaasai hao ilhali ilistahili kutumika. Lugha yao na mamlaka ya wazee wao havikupewa uzito unaofaa. Ilibidi upatanishi ufanyike, makubaliano yakafikiwa mwaka 2016. Nyumba nzuri haikuziba pengo la kutosikilizwa.

Na tahadhari ya mwisho kuhusu mkutano: ukimya. Baraza likinyamaza baada ya maelezo yako, usiandike kwenye kumbukumbu kwamba hakuna pingamizi. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Ahirisha, waache walale juu ya jambo hilo wiki tatu au nne, rudi.

Mkataba na fedha

Wakili wa jamii achaguliwe na jamii. Mwekezaji anaweza kugharamia, ila fedha ziwekwe kwa mtu wa tatu na kiasi kisitegemee kama jibu ni ndiyo au hapana. Kifungu cha 36 kinataka mkataba uguse athari za kimazingira, kijamii na kitamaduni, fidia na mrabaha, ufuatiliaji wa kudumu, kurudisha ardhi katika hali nzuri mradi ukiisha, na kuijengea jamii uwezo. Hilo la kurudisha ardhi husahaulika, kwa kuwa miaka 25 ni mbali. Nani atang'oa misingi ya zege? Dai dhamana ya benki mapema, maana kampuni inaweza kufilisika.

Kodi ya ardhi isiyopanda ni hasara ya polepole. Bei za vitu zikipanda kwa asilimia 6 kwa mwaka, shilingi 1,000 kwa ekari itanunua nusu tu baada ya miaka 12, na robo baada ya miaka 24. Ifungwe kwenye kipimo cha mfumuko wa bei na ipitiwe upya kila baada ya miaka mitano.

Kisha kuna hisa na mrabaha, na hapa jamii huvutiwa na neno linalong'aa. Hisa hulipa gawio, na gawio hutoka kwenye faida baada ya mkopo kuhudumiwa. Mradi wa umeme unaweza kulipa mkopo kwa miaka 12 au 15, na katika miaka hiyo hisa za jamii zinaweza kutoa kidogo sana. Mrabaha hutoka kwenye mauzo. Tuseme mtambo wa upepo wa megawati 100 unazalisha uniti milioni 350 kwa mwaka na kuziuza kwa shilingi 8. Mauzo ni shilingi bilioni 2.8, na asilimia 1 tu ni milioni 28, kuanzia mwaka wa kwanza. Tungeshauri mrabaha kwanza, hisa juu yake. Mradi wa Kipeto huko Kajiado, wenye megawati 100 na mitambo 60, ulikodisha ardhi kutoka kwa wenye mashamba wa Kimaasai badala ya kuinunua. Mwenye shamba akabaki mwenye shamba na mifugo ikaendelea kula chini ya mitambo.

Mgawo wa kisheria usichanganywe na mkataba wenu. Sheria ya Nishati ya 2019 inaipa jamii ya mahali asilimia 5 ya mrabaha wa jotoardhi. Sheria ya Madini ya 2016 inatoa asilimia 10. Na marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2023 yanataka miradi ya hewa ya ukaa iliyo kwenye ardhi itoe angalau asilimia 40 ya mapato yake kwa jamii. Hizo ni haki zinazokuja kwa sheria. Mwekezaji anayezihesabu kama zawadi yake mezani anawauzia watu kitu chao.

Tanzania: pale ardhi inapobadilisha jina

Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, mgeni hapati ardhi ya kijiji moja kwa moja. Ardhi huhamishwa kwanza kuwa ardhi ya jumla, ile iliyo chini ya serikali kuu. Eneo lisilozidi hekta 250 huidhinishwa na mkutano mkuu wa kijiji; likizidi hapo, uamuzi ni wa waziri baada ya kusikiliza maoni ya kijiji. Fidia lazima ikubaliwe kabla ya kuhamisha. Mtego ni huu: ardhi ikishahama, haijirudii yenyewe. Wilayani Kisarawe, mashamba ya mibono yalipokwama, vijiji vilijikuta bila mradi na bila ardhi. Wanakijiji wengi hudhani wanakodisha, kumbe wanaaga.

Njia iliyowafaa Wahadzabe ilikuwa kujihami mapema. Mwaka 2011, wakisaidiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team, walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja kwa ardhi yao ya Bonde la Yaeda, Mbulu. Hati hiyo ndiyo iliyowawezesha kuingia mradi wa hewa ya ukaa wakiwa na kitu mkononi, na wao wakiendelea kuwinda na kurina asali humohumo. Mwekezaji anayekuta kijiji hakina mpango wa matumizi ya ardhi wala hati za pamoja, aanzie hapo kabla ya kutaja hekta.

Baada ya sahihi

Malalamiko yaandikwe kwenye daftari lililo kijijini, yasiishie ofisi ya mradi yenye lango na askari. Kila lalamiko lipewe namba, lijibiwe ndani ya siku 14, na linalohusu maji au mifugo iliyokufa lijibiwe ndani ya siku mbili. Kamati ya ufuatiliaji iwe na wajumbe wa jamii wanaojua kusoma vipimo, na ripoti isomwe kwa sauti mkutanoni mara mbili kwa mwaka. Jamii iambiwe tangu siku ya kwanza jina la benki iliyokopesha na anwani ya kupeleka malalamiko, kama Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia. Wenye miradi wengi huogopa kulisema hili. Walioamua kulisema hupata habari za tatizo likiwa bado dogo, linaloweza kumalizwa na fundi wa bomba, kabla halijahitaji mpatanishi kutoka ng'ambo.

Daftari la wanachama lihuishwe kila mwaka, kwa sababu mtoto aliyekuwa na miaka 8 siku ya mkutano mkuu atakuwa na kura mkataba ukifika mwaka wa kumi, na yeye hakuwepo pale mtini siku ile. Mkataba uweke tarehe ya kukutana naye.